Sura ya Nne: Kitabu cha Mbali, Jiko la Sokon I

Ukikusanya vitabu vya mapishi na kuvipikia nyumbani Sokon I, Arusha, mapema utagundua jambo ambalo vitabu vyenyewe havilisemi: kila mapishi yamefungamana na jiko la aliyeyaandika. “Chemsha nusu saa,” “kikombe kimoja,” “moto wa wastani”: yote yalikuwa sahihi pale alipokuwa. Sura hii inaeleza namna ya kulitambua jiko hilo na kuyahamishia mapishi kwako bila kuyaharibu.

Kwa nini mtu huandika mapishi

Aliyelelewa na bibi mwenye kupika hahitaji kitabu cha makande. Alisimama karibu na moto, akaonja, akakosolewa, akajua. Mapishi huanza kuandikwa umbali unapoingia. Mwaka 1331 msafiri Ibn Battuta alikaribishwa Mogadishu akaeleza wali wa samli, vitoweo vyake, ndizi mbichi zilizopikwa kwa maziwa na achari ya ndimu. Mwenyeji wake hakuwa na sababu ya kuyaandika hayo. Mgeni alikuwa nayo.

Rafu ya leo inaonyesha jambo hilohilo. Noorbanu Nimji, mzaliwa wa Nairobi, alihamia Calgary, Canada, na huko akaandika mfululizo wa *A Spicy Touch*, ukibeba vyakula vya Waismailia wa Afrika Mashariki. Yasmin Alibhai-Brown, aliyeondoka Uganda mwaka 1972, alisimulia maisha ya jamii yake kwa njia ya vyakula katika *The Settler’s Cookbook*, akiwa Uingereza. Hawa Hassan, aliyezaliwa Mogadishu na kukulia Marekani, alitoa *In Bibi’s Kitchen* mwaka 2020 pamoja na Julia Turshen, akiwahoji mabibi wa nchi nane za upande wa Bahari ya Hindi, Tanzania ikiwemo. Kwa hiyo unapofungua kitabu, uliza kwanza: mwandishi alikuwa wapi, na alikuwa anamwandikia nani? Aliyeko ughaibuni mara nyingi hutaja tui la kopo, kwa kuwa ndilo lililokuwa dukani kwake. Wewe mwenye nazi na mbuzi ya kukunia, tumia tui zito na tui jepesi, kila moja mahali pake.

Kikombe cha nani?

Fannie Farmer, mwalimu wa upishi wa Boston, alitoa kitabu chake mwaka 1896 akisisitiza vipimo vilivyosawazishwa juu kwa kisu. Tangu hapo kikombe kimekuwa kipimo cha kawaida cha vitabu vya Marekani, karibu mililita 240. Vitabu vingine hutumia kikombe cha mililita 250. Kijiko cha chakula ni mililita 15 karibu kila mahali, lakini Australia ni 20. Kwenye chumvi au magadi, tofauti hiyo unaisikia mdomoni.

Sokoni Kilombero hakuna kikombe. Maharage yanapimwa kwa kisado, nyanya kwa fungu, mchele kwa kilo. Dawa ni mizani ndogo ya jikoni. Pima mara moja, andika ndani ya jalada: kikombe cha unga wa ngano ni karibu gramu 125, cha mchele mkavu karibu 200. Fungu la nyanya nalo lipime, maana fungu la masika silo la kiangazi.

Mlima na sufuria yako

Hapa ndipo wapishi wengi wa Arusha hujilaumu bure. Mji uko karibu mita 1,400 juu ya usawa wa bahari. Kadiri unavyopanda, hewa hupungua uzito na maji huchemka mapema zaidi. Zanzibar yanachemka kwenye nyuzi 100. Arusha ni karibu 95. Ukizidisha mkaa, maji hayawi moto zaidi, yanakauka tu upesi. Ndiyo maana maharage ambayo kitabu cha Pwani kinasema yataiva kwa saa moja, kwako yanadai zaidi. Yaloweke usiku kucha, ongeza maji na muda. Magadi yanalainisha kweli, ila yanaharibu sehemu ya vitamini, basi yatumie kwa uchache. Pilau nayo inataka maji zaidi kidogo. Kisha funika vizuri na upalie makaa juu ya kifuniko, ili mvuke usipotee na punje za juu ziive sawa na za chini.

Keki ina shida ya aina nyingine. Hewa ikiwa nyepesi, mapovu hutanuka kupita kiasi: keki inapanda haraka, kisha inabonyea katikati kabla haijashika. Anza kwa kupunguza bekingi pauda kwa karibu moja ya nane, ongeza kijiko kimoja au viwili vya chakula vya maziwa kwa kila kikombe cha unga, na zidisha joto la oveni kidogo. Badilisha kitu kimoja kila unapopika. Ukibadilisha vitatu kwa pamoja hutajua kipi kilichosaidia.

Matokeo yaandike kwa penseli pembeni mwa ukurasa, pamoja na tarehe. Kwa sababu hiyohiyo, kwenye vitabu vya mitumba usikiogope chenye madoa ya mafuta na mwandiko wa mtu. Ukurasa uliochafuka kuliko zote ndio uliopikiwa zaidi, na yale maandishi ni ushauri wa mpishi ambao mchapishaji hakuwa nao.

Kitabu ambacho hakijaandikwa

Ukishajaza rafu, tafuta ndani yake loshoro, mahindi yaliyokobolewa na kuchanganywa na maziwa mgando. Tafuta mnafu unavyopikwa upande huu wa Meru. Mara nyingi hutavikuta. Kituo cha World Vegetable Center hapa Arusha kinahifadhi mbegu za mboga za asili, na hilo ni jambo kubwa. Lakini mbegu haikwambii mnafu ukaushwe kiasi gani au maziwa yaingie lini. Ujuzi huo uko mikononi mwa akina mama na mabibi waliopo.

Basi nunua daftari. Nenda kwa anayepika vizuri chakula cha namna hiyo, umwombe ruhusa. Kila anachotaka kutia kwa kiganja, mwombe akiweke kwanza kwenye bakuli juu ya mizani. Andika gramu, dakika, aina ya moto, na zaidi ya hayo andika dalili anazozitazama: rangi, harufu, mlio wa sufuria. Rudi nyumbani ukipike peke yako, kisha umpelekee aonje na kusahihisha. Juu ya kila ukurasa weka jina la mtaa na “mita 1,400,” ili ndugu aliyeko Dar es Salaam au Muscat ajue kwamba kwake muda utapungua, na maji pia.