Kuipunguza Suruali ya Pikipiki kwa Cherehani ya Nyumbani

Mtu anunuapo suruali ya kinga ya kuendeshea pikipiki, iwe mpya ya dukani au ya mtumba iliyotoka katika robota la Ulaya, aghalabu hupapasa unene wa kitambaa chake, huzigonga kwa kidole zile kinga zilizotiwa magotini, akaridhika. Na lile jambo lenye kuamua kama kinga hizo zitamfaa siku ya ajali, yaani namna suruali inavyomkaa mwilini, hulihesabu kuwa ni jambo la urembo, la kutazamwa baadaye apatapo nafasi.

Kinga ya goti hupimwa kwa kanuni ya Ulaya iitwayo EN 1621-1, ambayo huiangushia pigo lenye nishati ya jouli 50, na nguvu inayopenya hadi upande wa pili haitakiwi kuzidi kwa wastani kilonyutoni 35 kwa kinga za daraja la kwanza, wala 20 kwa zile za daraja la pili. Lakini hesabu zote hizo zina maana ikiwa kinga iko pale pale pigo linapoangukia. Suruali iliyo pana huzunguka mguuni mwili unapoburutwa juu ya lami, nayo kinga, ambayo haina pengine pa kushikilia ila mfuko wake, huifuata suruali ikaenda ubavuni mwa goti, likabaki goti lenyewe halina stara yoyote. Kwa hiyo anayeipunguza suruali yake ikamkaa sawasawa ameuongeza usalama wake, ili mradi asiharibu kwa sindano kile alichokusudia kukihifadhi.

Na kuharibu ni rahisi. Mwaka 2011 watafiti wa Australia walichapisha matokeo ya uchunguzi wao juu ya waendeshaji 212 waliopata ajali katika jimbo la mji mkuu wao, Canberra. Wakaona dhahiri kwamba mavazi ya pikipiki hupunguza majeraha, hasa yakiwa na kinga za viungo ndani yake, lakini wakaona pia kwamba zaidi ya robo ya suruali zilizoshonwa makusudi kwa pikipiki ziliharibika katika ajali hata zikashindwa kufanya kazi yake. Ikiwa suruali iliyotoka kiwandani yaweza kushindwa, ni wajibu wetu kuwa na hadhari kubwa zaidi na mishono tutakayoiongeza sisi wenyewe.

Kipimo cha kwanza kichukuliwe mvaaji akiwa ameketi juu ya pikipiki yake, miguu iko juu ya vikanyagio, mikono imeshika usukani, na viatu vilevile avivaavyo safarini viko miguuni. Akisimama mbele ya kioo hatapata ukweli, kwa sababu goti likunjwapo suruali huvutwa juu: pindo lililogusa kisigino huacha kifundo cha mguu wazi, na kinga iliyoonekana kuwa chini mno huenda ikapanda ikakaa mahali pake hasa. Msaidizi na atie alama ya chaki katikati ya goti na juu ya mfupa wa nyonga, kisha akishike kwa pini kitambaa kilichozidi, bila ya kukibana hata mtu asiweze kuinua mguu kupanda.

Sasa waja uamuzi mzito kuliko yote, nao ni mshono upi ufumuliwe. Katika suruali nyingi za jinzi mshono wa nje wa mguu ndio mwepesi, kwa kuwa haukukunjiwa, ilhali ule wa ndani ya paja umekunjiwa na kupigwa safu mbili za uzi. Na fundi mwenye haraka huvutwa na ule mwepesi. Mimi nasema auache. Mtu aangukapo na pikipiki aghalabu hutangulia ubavu, akaburutwa juu ya nyonga, paja na goti kwa upande wa nje, na mshono ulioko huko ndio utakaosuguliwa kwanza, uzi ukikatika nguo hufunguka hata kama kitambaa chenyewe hakijatoboka. Kwa sababu hiyohiyo kanuni ya mavazi ya pikipiki ya mwaka 2020, EN 17092, huigawa suruali katika maeneo na kudai uimara mkubwa zaidi pale mwili unapopata pigo. Mshono wa ndani wachosha kuufumua, lakini uko mbali na hatari, na taabu ya jioni moja si kitu mbele ya ngozi ya mtu.

Ufumuliwe kuanzia chini kidogo ya msamba, bila ya kugusa pale mishono minne inapokutana, hadi karibu na pindo. Mstari mpya na upigwe bandi kwa mkono kwanza, suruali ivaliwe tena, mtu aketi tena, ndipo cherehani iguswe. Ikiwa ndani mna bitana ya aramidi, yaani nyuzi za jamii ya Kevlar, iliyovumbuliwa mwaka 1965 na mkemia wa Marekani Stephanie Kwolek, ni lazima bitana hiyo ishikwe pamoja na jinzi katika mshono mmoja, maana ikiachwa huru itajikusanya upande mmoja. Nyuzi hizo hufanya mkasi kuwa butu na huchambuka haraka zikatwapo, basi ukingo wake upitishiwe kwanza mshono wa msumeno. Jua nalo huzidhoofisha, kwa hiyo suruali isianikwe juani imegeuzwa nje ndani.

Uzi uwe mnene wa poliesta au nailoni. Uzi wa pamba huoza kwa jasho. Sindano iwe ya jinzi, namba 100 au 110, hatua za mshono zikaribie milimita 3, na zipigwe safu mbili zilizo sambamba. Penye makutano mazito gurudumu lizungushwe kwa mkono, la sivyo sindano itavunjika.

Kinga ikiwa chini ya goti, hapana haja ya kuhamisha mfuko wake: hutolewa kinga, ukapigwa mshono mmoja wa kukingama karibu na kitako cha mfuko, juu ya kitambaa cha mfuko peke yake, na kinga irudishwapo hukaa juu zaidi. Kiuno hupunguzwa katikati ya mgongo, lakini kwa kiasi kidogo tu, kwani kila sentimita inayochukuliwa nyuma huzivuta kinga za nyonga kuelekea matakoni. Aliyepungua sana mwili atumie mikanda ya mabegani.

Ziko suruali nisizomshauri mtu kuzigusa nyumbani. Ya ngozi haisamehe, maana kila tundu la sindano hubaki milele, nayo yataka msharasi na mkono wa fundi viatu. Yenye utando wa kuzuia mvua, sindano ikiupenya utando huo, maji hupita. Tena hati ya upimaji iliyoshonwa ndani yahusu vazi lilivyotoka kiwandani, na anayelibadilisha ajue kwamba dhamana hiyo haifuatani na mishono yake.

Kazi ikiisha, mvaaji aketi juu ya pikipiki, azishike kinga za magoti kwa mikono miwili na kujaribu kuzizungusha kwa nguvu; zikihama, suruali bado ni pana. Kisha auvute mshono mpya pande mbili, na akiona uzi wazi katikati ya kitambaa, aufumue aushone tena. Kitambaa kilichozidi kisikatwe mpaka suruali ivaliwe katika safari kadhaa, na hata hapo kibakishwe kama sentimita moja na nusu, ili mwili ukinenepa pawe na pa kuachia.