Simba Wawili, Bango Moja

Wako simba wawili, wote wanaitwa Simba, na filamu zao zote mbili zinaitwa The Lion King. Wa kwanza alichorwa kwa mkono, akatokea kwenye sinema mwaka 1994. Wa pili alitengenezwa kwa kompyuta mwaka 2019, na ukimtazama kwa karibu utadhani unaweza kumhesabia manyoya. Sasa tuseme wote wawili wamo kwenye diski moja sebuleni kwenu, na diski hiyo imeunganishwa na kompyuta yenye programu iitwayo Kodi. (Si ile ya nyumba wala ya serikali, msimwogope.) Kazi ya Kodi ni kuzipanga filamu zenu kwenye skrini, kila moja na bango lake, ili hata mdogo wenu asiyejua kusoma aweze kunyoosha kidole na kusema, "Ile!"

Mdogo wenu ananyoosha kidole kwa simba wa kuchorwa. Filamu inaanza. Anatokea simba wa kompyuta. Kilio nyumba nzima!

Nani kakosea? Kodi, na udhuru wake ni huu: hana macho. Hajawahi kutazama hata dakika moja ya filamu mnazompa. Anachosoma ni jina la faili tu. Akikuta The Lion King, hulichukua jina hilo akaenda nalo kwenye intaneti, hadi kwenye hifadhi kubwa ya habari za filamu iitwayo TMDb, ambayo tangu 2008 imekuwa ikijazwa na watu wa kujitolea. Anabisha: "Hodi! Naomba bango la The Lion King." Wa ndani wanauliza: "Lipi? Tunayo zaidi ya moja." Kodi hana jibu. Anachukua lililo juu, anaondoka.

Dawa yake ni mwaka. Folda moja iitwe The Lion King (1994), nyingine The Lion King (2019), na faili ya video iliyomo ndani ipewe jina hilo hilo. Nikiulizwa mimi, hakuna kazi ndogo kuliko hii inayookoa machozi mengi kiasi hiki.

Lakini kuna watoto wateuzi, nawajua. Chukueni Supa Modo, filamu ya Kenya ya mwaka 2018 iliyoongozwa na Likarion Wainaina, inayomhusu Jo, msichana mgonjwa anayetamani kuwa shujaa mwenye nguvu za ajabu. Pengine bango aliloleta Kodi hulipendi, unataka jingine. Ruksa! Liweke ndani ya folda ya filamu, uliite poster.jpg. Picha pana ya kukaa nyuma ya maandishi iite fanart.jpg. Kodi akizikuta hapo atazitumia hizo.

Ila majina hayo hayana mjadala. Ukiandika bango.jpg, Kodi atapita bila kugeuka. Andika kwa herufi ndogo, kwa sababu kwenye kompyuta za Linux, Poster na poster ni majina mawili tofauti. Na upo mtego unaowanasa hata watu wazima: Windows kwa kawaida huficha mkia wa jina la faili. Unaona imeandikwa poster, unaongeza .jpg kwa bidii zako, kumbe jina kamili sasa ni poster.jpg.jpg. Kodi hamjui huyo.

Vipimo navyo ni vyepesi. Bango husimama wima, sehemu mbili za upana kwa tatu za urefu. Pikseli 1000 kwa 1500 zinatosha. Picha ya nyuma hulala, pikseli 1920 kwa 1080. Nembo ya jina la filamu, ile inayoelea juu ya picha bila kisanduku cheupe, lazima iwe PNG, maana JPG haijui kuacha mahali pawe wazi.

Sasa nawapeleka chumba cha siri. Kila Kodi anapoonyesha picha, hutengeneza nakala yake mwenyewe akaiweka kwenye folda iitwayo Thumbnails. Humo mna vifolda vilivyopewa majina 0 hadi 9, kisha a hadi f, na kila picha ina jina la herufi na tarakimu nane lisilo na maana kwa binadamu. Bango la Simba laweza kuwa limejificha humo likiitwa a3f09c1e.jpg! Msipoteze jioni kulitafuta. Nakala hizo ni za Kodi, za kumsaidia kufungua skrini haraka. Kompyuta ikiharibika zinapotea, na bango ulilolichagua ndani ya programu laweza kupotea nazo. Lililo ndani ya folda ya filamu linabaki kwenye diski, na diski ikihamia kompyuta nyingine linahama nayo. Hata mkiamua kumwacha Kodi na kutumia Jellyfin, programu nyingine ya kazi hiyo hiyo, nayo inayatambua majina poster.jpg na fanart.jpg.

Kodi hupanga nyimbo pia, na hapo muziki wa zamani ndio wenye utamu wake. Siti binti Saad alisafiri kutoka Zanzibar hadi Bombay mwaka 1928 kurekodi nyimbo zake kwenye santuri. Santuri za enzi zile kwa kawaida ziliuzwa kwenye mifuko ya karatasi yenye tundu katikati, lebo ionekane. Utapakua jalada gani, na halikuwapo? Basi kama bibi bado ana santuri zake, mpe shikamoo yake kwanza, kisha umwombe ruhusa ya kupiga picha lebo. Piga karibu na dirisha, flashi uizime, isije ikang'aa na kufuta maandishi. Ikate iwe mraba, iite folder.jpg, iweke pamoja na nyimbo zenyewe. Halafu mwambie Kodi aisome folda hiyo upya, asipoambiwa, hashughuliki.