Vumbi Lisilopeperuka

Kiangazi cha Dodoma, pitisha kidole juu ya paneli ya sola iliyoko paani. Upepo umevuma kutwa, lakini kidole kinarudi na vumbi jekundu, laini kama unga. Mbona upepo haukulizoa?

Hewa inayogusa kioo husimama kabisa kwa sababu ya mnato. Juu yake kidogo inaanza kusogea, na kadiri unavyopanda mwendo unaongezeka hadi ulingane na wa upepo wenyewe. Utando huo ndio tabaka la mpaka, aliloeleza Ludwig Prandtl kule Heidelberg mwaka 1904. Chukua upepo tulivu wa mita 5 kwa sekunde, unaoteleza sambamba na kioo bapa. Nusu mita kutoka ukingoni, tabaka lina unene wa milimita 6.7 hivi. Dar es Salaam, joto likiwa sawa, lingekuwa 6.2, kwani huku Dodoma, zaidi ya mita 1,100 kutoka usawa wa bahari, hewa ni nyepesi ilhali mnato wake ni uleule. Kwenye kimo cha chembe ya vumbi, tuseme milimita 0.05, upepo unakwenda sentimita 6 tu kwa sekunde.

Hesabu hii ni ya Blasius, 1908, nayo inahusu kioo bapa peke yake. Juu ya bawa au mgongo wa paa upepo huongeza mwendo na kuupunguza, na milinganyo inakuwa migumu. Mwaka 1921 Pohlhausen alitoa njia ya mkato: kisia umbo la mwendo ndani ya tabaka, kisha hakikisha jumla ya momenta inalingana.

Inaaminika? Kwenye kioo bapa msuguano wake unazidi ule wa Blasius kwa asilimia 3 tu. Wengi wangeridhika, kwangu jaribio hilo ni jepesi mno. Njia ipimwe pale upepo unapochoka. Mwaka 1938 Howarth alichukua mwendo wa nje unaopungua sawasawa hadi sifuri, akaonyesha kwamba tabaka linabanduka kutoka kwenye uso likifika 0.120 ya safari hiyo. Pohlhausen anasema 0.156, amechelewa kwa asilimia 30.

Thwaites, mwaka 1949, hakukisia umbo. Alikusanya majibu kamili yaliyokwisha kujulikana, akapitisha mstari mmoja katikati yake. Kwa swali la Howarth, mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dodoma mwenye kikokotoo anatafuta kipeuo cha sita cha 2.2, anagawa 1 kwa jibu hilo, kisha anatoa kwenye 1. Anapata 0.123.