Antioksidanti za Mimea Zinavyolinda Ubora wa Mbegu za Mifugo Zilizohifadhiwa

Mfugaji anayehimilisha ng'ombe wake hutegemea mrija mdogo wa mbegu za dume, ambao huenda ulijazwa miaka kadhaa iliyopita. Mbegu hizo zikiwa dhaifu, ng'ombe hashiki mimba, na mfugaji hulazimika kusubiri takribani siku 21 hadi ng'ombe arudi kwenye joto. Katika kipindi hicho gharama za malisho na matunzo huendelea, ilhali matarajio ya ndama na maziwa yanasogezwa mbele.

Nchini Tanzania, mbegu za madume bora ya ng'ombe huzalishwa katika Kituo cha Taifa cha Uhimilishaji (NAIC) kilichopo Usa River, mkoani Arusha. Katika uzalishaji wa aina hiyo, mbegu zikishavunwa hupimwa wingi na uhai wake, huchanganywa na kimiminika maalumu cha kuzilinda na kuzilisha, hujazwa kwenye mirija, kisha hugandishwa na kuhifadhiwa katika naitrojeni ya kimiminika yenye nyuzi joto 196 chini ya sifuri.

Uhifadhi huo uliwezekana baada ya wanasayansi Christopher Polge, Audrey Smith na Alan Parkes kubaini nchini Uingereza, mwaka 1949, kwamba gliseroli huzikinga mbegu dhidi ya madhara ya kugandishwa. Pamoja na mafanikio hayo, hadi leo takribani nusu ya mbegu za ng'ombe huweza kupoteza uwezo wa kuogelea baada ya kugandishwa na kuyeyushwa.

Sehemu ya hasara hiyo husababishwa na oksijeni. Utando unaoizunguka mbegu una mafuta mengi ya aina inayoharibika kwa urahisi. Mbegu inapopoozwa, kugandishwa na kuyeyushwa, huzalishwa chembe kali za oksijeni zinazoushambulia utando huo, kama vile mafuta ya kupikia yanavyochacha yakiachwa wazi. Mbegu iliyokomaa ina uwezo mdogo sana wa kujikarabati, hivyo utando ukiharibika, mwendo wake hupungua na vinasaba vyake huweza kudhurika. Mbegu zilizokufa nazo huzalisha chembe hizo, na kuzidhuru zilizo hai.

Antioksidanti ni viambato vinavyozituliza chembe hizo kabla hazijaleta madhara. Mimea mingi huvitengeneza kwa ajili ya kujikinga yenyewe. Majani ya mlonge yana vitamini C na E. Chai ya kijani ina katekini. Na rozimari ina asidi ya kanosiki. Tafiti zilizofanyika katika nchi mbalimbali kwa mbegu za ng'ombe, kondoo, mbuzi na nguruwe zimeonesha kuwa dondoo za mimea ya aina hiyo, zikiongezwa katika kimiminika cha kuhifadhia, huweza kuboresha mwendo wa mbegu na uimara wa utando wake.

Jambo la msingi ni kipimo. Kiasi kidogo mno hakileti matokeo, na kiasi kikubwa huweza kuziua mbegu zilezile zinazokusudiwa kulindwa. Aidha, nguvu ya dondoo hubadilika kulingana na udongo, msimu wa kuvuna na namna majani yalivyokaushwa. Kwa sababu hiyo, matumizi yake ni kazi ya maabara yenye vifaa vya kupima, na mafanikio yake huthibitishwa na idadi ya ng'ombe wanaoshika mimba, si kwa mwonekano wa mbegu kwenye hadubini pekee. Mfugaji au mhimilishaji hapaswi kuongeza dawa ya mmea wowote kwenye mbegu.

Vilevile, hakuna mmea unaoweza kufidia uzembe katika utunzaji. Mtungi ukiishiwa naitrojeni, mbegu zote zilizomo hufa. Wahimilishaji wanapaswa kukagua kiwango cha naitrojeni mara kwa mara, kuyeyusha mrija katika maji ya nyuzi joto 35 hadi 37 kwa angalau sekunde 30, na kuutumia bila kuchelewa.

Kwa upande wake, mfugaji anashauriwa kumwita mhimilishaji mapema. Ng'ombe aliyeonekana kwenye joto asubuhi ahimilishwe jioni ya siku hiyo, na aliyeonekana jioni ahimilishwe asubuhi inayofuata, ili mbegu iliyotunzwa kwa gharama kubwa ifike kwa wakati unaofaa.