Korona na Kidole Tumbo: Maumivu ya Tumbo Yasiyopaswa Kusubiri

Mtoto anaanza kulalamika jioni kwamba tumbo linamuuma karibu na kitovu. Hataki chakula, na usiku anatapika. Mama anampa maji ya tangawizi, nyanya anasema ni minyoo, na baba anaamua wasubiri kupambazuke. Asubuhi maumivu yamehamia upande wa kulia, chini ya tumbo, na mtoto anatembea ameinama. Wiki tatu kabla ya hapo watu wote wa nyumba hiyo walikuwa na homa na kikohozi. Je, hiki ni kidole tumbo, ni korona, au ni vyote viwili?

Tangu Waziri wa Afya wa wakati huo, Mutahi Kagwe, atangaze kisa cha kwanza cha korona nchini Machi 13, 2020, madaktari katika mataifa mengi wameandika kuhusu wagonjwa waliokuwa na maambukizi hayo na kidole tumbo kwa wakati mmoja. Makala haya yanaeleza uhusiano wa magonjwa haya mawili, na hatua ambazo mwananchi anapaswa kuchukua maumivu ya aina hii yanapoanza.

Kidole tumbo ni nini?

Ni kimfuko chembamba chenye umbo la kidole, chenye urefu wa takriban sentimita 6 hadi 10. Kinaning'inia karibu na mahali utumbo mwembamba unapoungana na utumbo mpana, upande wa kulia chini ya tumbo. Kina tundu upande mmoja tu. Tundu hilo linaweza kuzibwa na kinyesi kilichokauka, mara chache na minyoo, au na tezi za kinga zilizo kwenye ukuta wake zinapovimba. Likizibwa, ute unaotengenezwa ndani hukosa njia ya kutoka. Kidole tumbo hujaa na kukaza, damu hushindwa kupita vizuri, bakteria huongezeka na usaha hujikusanya. Kisipotibiwa kinaweza kupasuka na kumwaga uchafu wake ndani ya tumbo.

Mtu yeyote anaweza kuugua, ingawa wengi huwa na umri wa kati ya miaka 10 na 30. Kumeza mbegu za mapera, jambo ambalo wengi wetu tulikatazwa utotoni, si sababu ya kawaida ya ugonjwa huu.

Korona inahusika vipi?

Watu wengi wanaijua korona kama ugonjwa wa mapafu. Hata hivyo, mlango ambao virusi hivi hutumia kuingia katika seli za mapafu unapatikana pia kwenye seli za utumbo. Ndiyo sababu baadhi ya wagonjwa wa korona huharisha, hutapika au huumwa na tumbo, na virusi vimewahi kupatikana katika vinyesi vyao. Kwa wagonjwa wachache, chembechembe za virusi zilipatikana hata ndani ya kidole tumbo kilichotolewa kwa upasuaji.

Madaktari wanaeleza njia moja ambayo maambukizi hayo yanaweza kuleta kidole tumbo. Mwili unapopambana na virusi, tezi za kinga huvimba, kama zile za shingoni zinavyovimba mtu anapoumwa na koo. Ukuta wa kidole tumbo una tezi nyingi za aina hiyo, hasa kwa watoto na vijana. Zikivimba sana zinaweza kuziba tundu lake. Jambo hili si geni, kwani virusi vya surua vimejulikana kwa miaka mingi kuwa vinaweza kuleta hali hiyo.

Hata hivyo, haijathibitishwa kwamba korona ndiyo huleta kidole tumbo. Kidole tumbo ni ugonjwa wa kawaida, na korona imeambukiza mamilioni ya watu. Ni lazima wapatikane wagonjwa walio na vyote viwili kwa sadfa tu. Kwa hivyo mtu aliyepata korona hana haja ya kuishi kwa hofu ya kidole tumbo. Wala mtu mwenye maumivu ya tumbo asijiambie kwamba ni korona tu na kwamba yatapita.

Watoto na ugonjwa unaofanana na kidole tumbo

Aprili 2020, madaktari wa Uingereza walitoa tahadhari kuhusu watoto waliofika hospitalini na homa kali na maumivu makali ya tumbo. Mwezi uliofuata Shirika la Afya Duniani lilitoa maelezo ya kuutambua ugonjwa huo, unaoitwa kwa kifupi MIS-C. Hutokea wiki mbili hadi sita baada ya mtoto kuambukizwa korona, hata kama korona yenyewe ilikuwa nyepesi au haikuonekana kabisa. Kinga ya mwili huchachamaa na kushambulia viungo kadhaa kwa pamoja, ukiwemo moyo.

Tatizo ni kwamba maumivu yake yanaweza kufanana kabisa na ya kidole tumbo. Baadhi ya watoto walipelekwa hadi chumba cha upasuaji, kisha ikapatikana kwamba kidole tumbo ni kizima, ila tezi za tumboni na sehemu ya mwisho ya utumbo mwembamba ndizo zilizokuwa zimevimba. MIS-C ni ugonjwa wa nadra, lakini ni hatari, na matibabu yake ni tofauti. Mtoto mwenye maumivu ya tumbo pamoja na homa isiyoshuka, macho mekundu, vipele, midomo iliyopasuka au kupumua kwa shida apelekwe hospitalini mara moja. Mzazi amwambie daktari ikiwa nyumbani kulikuwa na mafua au korona katika wiki sita zilizopita.

Madhara makubwa yalitokana na kuchelewa

Kuna jambo moja ambalo lilijitokeza wazi wakati wa janga. Hospitali katika nchi mbalimbali ziliona wagonjwa wachache wa kidole tumbo katika miezi ya kwanza ya 2020, lakini miongoni mwa waliofika, sehemu kubwa kuliko kawaida walikuwa na kidole tumbo kilichokwisha pasuka. Watu walikuwa wamekaa nyumbani na maumivu kwa sababu waliogopa kuambukizwa korona hospitalini.

Hapa Kenya tunaikumbuka hofu hiyo. Kafyu ilianza Machi 27, 2020, na haikuondolewa hadi Oktoba 20, 2021. Wengi waliogopa kutoka usiku, na wengine waliogopa kupimwa wakapelekwa karantini. Shirika la Afya Duniani lilitangaza Mei 5, 2023 kwamba korona si dharura ya kimataifa tena, lakini tabia ya kusubiri nyumbani haikuanza na korona wala haikuisha nayo. Tunasubiri kwa kukosa nauli, kwa kuogopa gharama ya upasuaji, au kwa kudhani ni chango, ngiri, hedhi au vidonda vya tumbo.

Kidole tumbo hakisubiri. Hatari ya kupasuka huongezeka kadiri saa zinavyopita, hasa baada ya siku ya kwanza. Kikipasuka, mgonjwa anaweza kuhisi nafuu kwa muda mfupi, na jamaa wakadhani amepona. Kisha tumbo lote huwa gumu, homa hupanda, na maambukizi yanaweza kuenea katika damu na kuua.

Dalili za kuangalia

• Maumivu yanayoanza karibu na kitovu, kisha kuhamia chini upande wa kulia na kuzidi.
• Maumivu yanayoongezeka mgonjwa akitembea, akikohoa au gari likirukaruka barabarani.
• Kukosa hamu ya chakula, kichefuchefu au kutapika.
• Homa, ambayo mara nyingi huja baada ya maumivu kuanza.
• Kufunga choo, au wakati mwingine kuharisha.

Si kila mgonjwa huonyesha dalili zote. Watoto wadogo hushindwa kueleza mahali panapouma. Mama mjamzito anaweza kuhisi maumivu juu zaidi, kwa kuwa mimba husukuma utumbo. Wazee nao wanaweza kuwa na maumivu madogo ilhali ugonjwa umefika mbali.

Mambo ya kuepuka nyumbani

Usimpe mgonjwa dawa ya kuharisha wala kumpiga bomba la tumbo, kwa sababu shinikizo ndani ya utumbo linaweza kuharakisha kupasuka. Usimkande tumbo. Usinunue dawa za kuua bakteria dukani na kumpa bila kupimwa. Dawa ya maumivu inaweza kumpunguzia mateso akiwa njiani, lakini nafuu hiyo isiwe sababu ya kurudi nyumbani. Asile wala kunywa chochote hadi aonwe na daktari, kwani huenda akahitaji kufanyiwa upasuaji.

Hospitalini kutafanyika nini?

Daktari atauliza maumivu yalianza lini, atamshika tumbo, na anaweza kuagiza vipimo vya damu na mkojo au picha ya ultrasaundi. Msichana au mwanamke aliye katika umri wa kuzaa hupimwa mimba pia, kwa kuwa mimba iliyotunga nje ya kizazi huleta maumivu kama hayo na ni dharura kubwa.

Tiba ya kawaida ni upasuaji wa kutoa kidole tumbo. Kwa baadhi ya wagonjwa ambao kidole tumbo hakijapasuka, daktari anaweza kuanza na dawa za kuua bakteria peke yake, njia iliyotumika zaidi wakati wa janga. Utafiti uliofanywa Marekani na kuchapishwa 2020, uliohusisha watu wazima zaidi ya 1,500, ulionyesha kwamba njia hiyo inafaa. Hata hivyo, takriban watu 3 kati ya 10 waliopewa dawa walihitaji upasuaji katika siku 90 zilizofuata. Uamuzi huo ni wa daktari na mgonjwa wake baada ya vipimo.

Usifiche kwamba una korona au umeipata hivi karibuni. Utafiti uliohusisha nchi 116, uliochapishwa 2021, ulipendekeza upasuaji usio wa dharura uahirishwe kwa angalau wiki saba baada ya maambukizi, kwa sababu ya matatizo ya mapafu. Kidole tumbo ni dharura na hakiahirishwi hivyo, lakini wahudumu wakijua mapema watajiandaa kukulinda wewe na kuwalinda wengine wodini.

Fahamu haki yako

Ibara ya 43 ya Katiba inasema kwamba hakuna mtu atakayenyimwa matibabu ya dharura. Kukosa pesa mkononi kusikufanye ubaki nyumbani na mgonjwa. Ni vyema pia kila familia ijisajili na Mamlaka ya Afya ya Jamii, SHA, kabla ugonjwa haujabisha hodi.

Zahanati ikiwa ndiyo iliyo karibu, anzia hapo mara moja ili upewe rufaa ya kwenda hospitali yenye chumba cha upasuaji. Mhudumu wa afya ya jamii wa kijiji chako pia anaweza kukuelekeza. Maumivu ya tumbo yakihamia kulia na kuzidi, usingoje kupambazuke. Mpeleke mgonjwa usiku huo huo.