Mjasiriamali, fungua daftari tuzungumze

UKIPITA Tunduma, mji wa mpakani unaotazamana na Nakonde ya Zambia, ni rahisi kudhani kuwa biashara ni kasi tu: lori lipite, fedha ibadilishwe, mzigo uvuke. Lakini jirani hapo, kwenye kahawa ya Mbozi, biashara hupimwa kwa miaka. Mche hukaa takriban miaka 3 kabla ya kuzaa vizuri.

Ndiyo maana mazungumzo na wajasiriamali wa Songwe, mkoa uliomegwa kutoka Mbeya mwaka 2016, yasiishie kwenye "tatizo ni mtaji". Tuulizane: kilo moja imekugharimu shilingi ngapi? Mbolea, dawa na vibarua huhesabiwa. Palizi ya mama na vijana wa nyumbani haiandikwi. Hapo kinachoitwa faida ni jasho la familia ambalo halijalipwa.

Swali la pili: uliuza lini? Takriban kilo 6 za kahawa mbivu hutoa kilo 1 ya kahawa safi. Anayeuza ikiwa bado mtini kwa sababu ada ya shule imefika, humwachia mnunuzi faida ya kumenya, kukausha na kusubiri bei. Chama cha msingi chenye mtambo wa kumenya na akiba ya kukopeshana humpunguzia mkulima haraka hiyo.

Miche bora na ushauri vipo Mbimba, kituo cha utafiti wa kahawa cha TaCRI. Daftari, ndugu mkulima, utalinunua mwenyewe. Anza kuliandika kabla ya palizi, si baada ya mauzo.