Wiki Moja Kila Mwaka: Nyumba ya Likizo ya Zamu na Anayepaswa Kuitunza

Watu wa Kilimanjaro hawana haja ya kufundishwa maana ya zamu. Tangu enzi za mababu, maji ya mfongo yameteremka kutoka mlimani na kugawanywa kwa siku na saa: leo zamu ya huyu, kesho ya jirani yake. Lakini zamu hiyo haikupatikana bure. Siku ya kuzibua mfereji, kila mwenye shamba alitakiwa kufika na jembe lake, na aliyekaidi alijua atakachokosa. Aliyetumia maji ndiye aliyeondoa tope, na tope alikuwa akiliona kwa macho yake.

Katika sura hii tunaeleza huduma inayouzwa kwa msingi huohuo wa zamu, ila mtumiaji wake hashiki jembe. Ni haki ya kukaa katika nyumba ya likizo kwa muda maalumu, kwa kawaida wiki moja kila mwaka, kwa miaka mingi. Wauzaji huiita taimusheya, klabu ya likizo au uanachama wa mapumziko. Sisi tutaiita umiliki wa zamu, ingawa neno umiliki lenyewe, kama itakavyoonekana, lina utata. Biashara hii ilianza Ulaya katika miaka ya 1960, ikaenea Marekani, Afrika Kusini na kwingineko, ikafika pia pwani ya Kenya. Kwa mkazi wa Moshi pwani hiyo si mbali: ukitoka asubuhi, ukavuka Holili na Taveta na kupita Voi, jioni uko Mombasa.

Tuchukue mfano wa familia ya Shirimatunda. Mfano ni wa kubuni, lakini hakuna jambo ndani yake lililo geni kwa wanaoifahamu biashara hii. Baba ni mwalimu mstaafu. Muda mfupi baada ya kulipwa kiinua mgongo, anapigiwa simu na kuambiwa kwamba jina lake limechaguliwa kupata zawadi, aje kuichukua katika ukumbi wa hoteli moja mjini, kwa sharti kwamba afuatane na mkewe. Sharti hilo si heshima tu. Muuzaji hataki kumsikia mtu akisema, "Ngoja nikashauriane na mwenzangu nyumbani." Ukumbini wanaonyeshwa filamu ya bahari, vitanda vyenye shuka nyeupe na watoto wakicheka majini. Wanaelezwa kuwa bei ni ya leo tu. Kufikia jioni wametia saini mkataba wa kurasa 14, wa Kiingereza, ambao hakuna aliyewapa muda wa kuusoma: shilingi milioni 9 kwa wiki moja kila mwaka, kwa miaka 20, pamoja na ada ya matunzo ya shilingi 650,000 kila mwaka.

Wiki ya Desemba haikupatikana. Walipewa ya mwezi Juni. Wakasafiri watu sita: mstaafu, mkewe mwenye pumu, binti yao na wajukuu watatu. Fleti iko ghorofa ya tatu. Mlango ulifunguka kwa kusukumwa na bega. Dari la chumba cha kulala lilikuwa na madoa meusi ya ukungu, na bibi hakumaliza usiku mmoja humo. Alihamishia godoro sebuleni. Kiyoyozi kilivuja, na chini yake ndoo ilikuwa imekwishawekwa kabla wageni hawajafika. Mpira wa jiko la gesi ulikuwa umefungwa kwa kipande cha kitambaa. Asubuhi ya pili mjukuu wa miaka minne aliegemea vyuma vya roshani, vikayumba, kwa kuwa skrubu zilikuwa zimeliwa na kutu ya chumvi. Mama yake alimdaka mkono. Siku zote zilizobaki meza ya chakula ilisimamishwa mbele ya mlango wa roshani, na familia iliyokuja kuitazama bahari ilikaa imeifungia nje.

Kila walipokwenda mapokezi waliambiwa fundi atakuja kesho. Siku ya nne, mstaafu alipodai arudishiwe sehemu ya fedha zake, alijibiwa kwamba anayerudishiwa fedha ni mgeni wa hoteli. Yeye ni mmiliki, nyumba ni yake.

Jibu hilo linastahili kuchunguzwa, kwa sababu wengi hulikubali. Katika mikataba mingi ya namna hii mlaji hamiliki jengo wala sehemu ya jengo. Anachonunua ni haki ya kulitumia kwa siku zilizotajwa, wakati jengo linabaki kuwa mali ya kampuni. Hapa Tanzania, anayemiliki kweli sehemu ya jengo hupata hati, kwa mujibu wa sheria ya mwaka 2008 inayohusu umiliki wa aina hiyo. Cheti cha klabu chenye muhuri wa dhahabu si hati. Basi haiwezekani mtu akawa mmiliki siku ya kulaumiwa kwa kutu, na akawa mgeni siku ya kuuliza ada zake zimetumikaje.

Ada hiyo ndiyo kiini cha jambo zima, nasi tunamwomba msomaji aihesabu kwa kalamu. Shilingi 650,000 kwa miaka 20 ni milioni 13, yaani zaidi ya bei ya kununulia. Hesabu hiyo inachukulia kwamba ada haitapanda, na mikataba mingi huruhusu ipande. Ikipanda kwa asilimia 5 tu kila mwaka, mwaka wa 20 familia italipa zaidi ya milioni 1.6 kwa wiki moja, na jumla ya ada kwa miaka yote itakaribia milioni 21.5. Kwa maneno mengine, bei iliyotangazwa ukumbini ni sehemu ndogo ya gharama. Sehemu kubwa ni fedha za kuzibulia mfereji, zinazokabidhiwa mtu mwingine aliye mbali, na mlaji huliona tope wiki moja tu kwa mwaka. Hoteli ikiharibika, mgeni haendi tena. Mwenye zamu amekwishalipa, na msukumo wa kumfurahisha ni mdogo.

Kwa hiyo swali la kwanza mbele ya muuzaji lisiwe juu ya bahari wala bwawa la kuogelea. Liwe juu ya matunzo: ni nani anayewajibika kukarabati, kwa kiwango gani, ndani ya muda gani baada ya kuarifiwa, na mlaji hupata nini ikiwa fleti haikaliki. Ulizia hesabu za matumizi ya ada za mwaka uliopita. Ulizia iwapo wenye zamu wana kamati au mkutano unaoweza kuzihoji. Majibu yawe ndani ya mkataba, maana ya mdomo hubaki ukumbini. Na ukiambiwa bei inaisha leo, ichukulie kauli hiyo kuwa sababu ya kuondoka.

Turudi kwenye fleti. Kosa la familia yetu, kama ni haki kuliita kosa, ni kulalamika kwa mdomo. Mapokezi hubadilisha zamu, na aliyeahidi fundi jana leo hayupo. Saa ya kwanza ya kufika, kabla mizigo haijafunguliwa, piga picha kila chumba, hasa kila kilicho kibovu, kisha uandike malalamiko na kuyatuma kwa ujumbe wa simu au barua pepe ili yawe na tarehe na saa. Eleza kasoro na athari yake: si "roshani mbovu", bali "vyuma vya roshani vinayumba, mtoto nusura aanguke". Omba fleti nyingine, na utaje muda wa kujibiwa. Ile ndoo iliyokutwa chini ya kiyoyozi ipigwe picha kabla haijaguswa: ni ushahidi kwamba wasimamizi waliijua kasoro, wakachagua kuikinga badala ya kuitengeneza. Mambo ya gesi, umeme na roshani yasingoje barua. Hameni chumba au jengo siku hiyohiyo na mtunze risiti za mahali mlipolala.

Sheria zinasemaje? Maneno na picha zilizotumika ukumbini Moshi yako chini ya Sheria ya Ushindani Namba 8 ya mwaka 2003, inayokataza mwenendo wa kupotosha au kuhadaa katika biashara. Muuzaji aliyeonyesha filamu ya fleti ambayo sivyo ilivyo anaweza kulalamikiwa mbele ya Tume ya Ushindani, hata kama jengo lenyewe liko nje ya nchi, kwa kuwa upotoshaji umefanyika hapa.

Hali ya fleti yenyewe ni suala la Kenya. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, Ibara ya 46, inampa mlaji haki ya kupata bidhaa na huduma zenye ubora unaostahili. Sheria ya Kenya ya kumlinda mlaji, ya mwaka 2012, inautaja mkataba wa zamu waziwazi na kumruhusu mlaji kuuvunja bila kutoa sababu yoyote hadi siku 10 baada ya kukabidhiwa nakala iliyoandikwa. Nchi za Umoja wa Ulaya, kwa mwongozo wa mwaka 2008, zinatoa siku 14. Usalama na viwango vya malazi ya watalii nchini Kenya husimamiwa na mamlaka ya udhibiti wa utalii iliyoundwa chini ya Sheria ya Utalii ya mwaka 2011, na picha za roshani yenye kutu ni vyema zifike huko.

Siku hizo 10 zinapotea haraka. Mara nyingi safari ya kwanza hufanyika miezi kadhaa baada ya saini, na ndipo kasoro huonekana. Ndiyo maana tunashauri mkataba usomwe usiku uleule wa kuupokea, kwa msaada wa mtu anayeielewa lugha yake, na kifungu kinachotaja sheria ya nchi gani itatumika kisipitwe. Kama si sheria ya Tanzania wala ya Kenya bali ya kisiwa fulani cha mbali, hilo peke yake litafanya madai kuwa magumu na ya gharama.

Aliyepitwa na siku hizo hajapoteza kila kitu. Dai la kuvunjwa kwa mkataba linaweza kufunguliwa mahakamani ndani ya miaka 6, hapa kwetu na Kenya vilevile. Tunaonya juu ya njia mbili za mkato. Ya kwanza ni kuacha kulipa ada kimyakimya: kampuni huweza kuitumia kama sababu ya kukunyima wiki yako, na mlalamikaji akageuka mdaiwa. Andika kwanza, ueleze unachopinga na kwa nini. Ya pili ni kumwamini anayepiga simu akisema amepata mnunuzi wa zamu yako, atume tu kwanza gharama za maandalizi. Zamu zilizotumika huuzwa kwa shida na kwa bei ndogo sana, na anayedai malipo kabla ya kumleta mnunuzi mara nyingi hana mnunuzi.

Anayekwenda kulalamika achukue mkataba wote na si ukurasa wa saini pekee, risiti za bei na za ada, picha zenye tarehe, na ujumbe aliotuma pamoja na majibu yake. Vipeperushi alivyopewa ukumbini avichukue pia, hata kama vimechakaa. Mara nyingi hivyo ndivyo vinavyoonyesha alichoahidiwa.